Shajara ya mradi: dakti za hewa za kituo cha afya, Kigoma mjini

Dakti ni mifereji ya bati ya kupitishia hewa. Naandika hapa kila hatua inapokamilika ili mafundi wenzangu na wasimamizi wa majengo wa huku magharibi waweze kufuata au kuiga. Vifaa vingi vya kazi hii vinatoka Dar kwa basi, na mtaalamu wa dakti wa kumpigia simu aje kesho hayupo. Tunachojifunza sisi kwa sisi ndicho tulicho nacho.

Jengo ni kituo cha afya cha binafsi, ghorofa moja, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Mashine moja ya kupoza hewa imekaa juu ya dari. Kutoka hapo dakti za bati zinapeleka hewa kwenye ukumbi wa kusubiria wagonjwa, maabara, chumba cha upasuaji mdogo na ofisi. Hewa inarudi kwenye mashine kupitia grili moja kubwa iliyo juu ya mabenchi ya wagonjwa.

Malalamiko yalikuwa matatu: uvundo kila asubuhi mashine ikiwashwa, madoa meusi kwenye silingibodi kuzunguka grili, na maabara kuona ukungu ukiota kwenye sahani zao za kuoteshea vijidudu, hata zile ambazo hazikupandwa kitu.

2 Septemba 2024. Kufungua na kutazama

Tulikata milango midogo ya ukaguzi ubavuni mwa dakti, kila kwenye kona na kila baada ya mita tatu hivi, tukaitengenezea vifuniko vya bati vyenye mpira kwenye kingo. Kata mlango unaotosha mkono na tochi kuingia pamoja. Tundu la kuchungulia tu halitakusaidia siku ya kusafisha.

Upande wa hewa inayorudi, vumbi lilikuwa limeshikana kama blanketi. Ukilichana unakuta nyuzi za kanga, pamba za bendeji, nywele, na ule udongo mwekundu wetu ambao kiangazi hauachi kitu. Upande wa hewa inayotoka mambo yalikuwa tofauti. Mita mbili za kwanza baada ya koili, yaani mabomba yenye mapezi yanayopoza hewa, zilijaa madoa meusi ya ukungu. Kwenye kona ya kwanza yakapungua. Baada ya hapo bati lilikuwa jeupe na vumbi jepesi hadi mwisho. Niliyazungushia madoa kwa chaki na kuyapiga picha kabla mtu hajayagusa. Ukungu unahitaji uchafu wa kula na maji. Uchafu ulikuwa dakti nzima, ukungu ulikuwa sehemu moja. Basi hata maji yalikuwa sehemu moja, na mchoro ule wa chaki ulikuja kutufaa kuliko dawa yoyote tuliyonunua.

Mita ile ya kwanza pia ilikuwa imebandikwa sufi ya kioo kwa ndani ili kupunguza kelele za bloa, ile feni ya mashine inayosukuma hewa. Siku hiyo ilikuwa kavu, tukaiacha.

Jambo jingine ni klorini. Kwa muda mrefu uvundo ukizidi, mtu alikuwa anapanda ngazi na kupulizia klorini kwenye grili. Bati la karibu na grili limeota unga mweupe, ndiyo kutu ya zinki, na mapezi ya alumini ya koili yameliwa kingo. Klorini inakula zinki na alumini. Tena ikikuta uchafu, nguvu yake inaishia kwenye uchafu kabla haijamfikia kijidudu. Na msije mkaipulizia mahali penye sabuni ya koili ya asidi: vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na darini hakuna pa kukimbilia.

Dada wa maabara alifanya kipimo rahisi. Aliacha sahani moja wazi nusu saa chini ya grili inayotoa hewa maabara, mashine ikiwa imewashwa, nyingine mashine ikiwa imezimwa na vumbi limetulia. Alipozitoa, ya kwanza ilikuwa imefunikwa na manyoya ya kijani na meusi, ya pili ilikuwa na madoa machache. "Nimesemwa sana humu ndani kwamba sijui kunawa mikono," alisema, "sasa kaka naomba hizo picha nikamwonyeshe mfawidhi."

Gharama: bati shiti mbili Sh 84,000, tepu ya alumini Sh 36,000, mpira wa kingo Sh 25,000, riveti na biti za drili Sh 15,000.

9 Septemba 2024. Popo

Tundu la kuingizia hewa ya nje, chini ya paa, lilikuwa na wavu uliooza. Popo walikuwa wanapita hapo kwenda darini, na kinyesi chao kilikuwa kimejaa ndani ya tundu lenyewe, yaani kila hewa mpya iliyoingia jengoni ilikuwa inapita juu yake.

Kinyesi kikavu cha popo hakifagiliwi. Ndani yake huweza kuota ukungu uitwao Histoplasma, na vumbi lake likivutwa huingia kwenye mapafu. Tulivaa barakoa za N95, miwani na glavu, tukakilowesha kwa maji yenye sabuni mpaka kikawa tope, tukakikwangua na kukitia kwenye mifuko miwili-miwili.

Watu wengi hapa wana hofu na popo tangu ule mlipuko wa Marburg mkoani Kagera mwaka 2023. Wa darini mwetu ni popo wadogo wanaokula wadudu. Wanaohusishwa na Marburg ni popo wakubwa wanaokula matunda na kulala mapangoni. Hata hivyo, chini ya dari ya kituo cha afya hapafai popo wa aina yoyote. Hatukuua hata mmoja. Tulisubiri giza liingie watoke kwenda kula, tukaziba mianya kwa silikoni na wavu wa chuma wa matundu madogo, tukaacha njia moja yenye kitambaa kinachoning'inia ili aliyebaki atoke asiweze kurudi, kisha nayo tukaiziba. Kabla ya kuziba hakikisheni hakuna makinda, la sivyo yatafia ndani na mtapata uvundo mbaya kuliko wa mwanzo.

Gharama: wavu Sh 30,000, silikoni Sh 40,000, barakoa Sh 60,000.

20 Septemba 2024. Kusafisha

Kazi ilifanyika mwisho wa juma, kituo kikiwa na wagonjwa wachache. Grili zote zilizibwa kwa nailoni na tepu, tukaacha moja. Hapo tuliunganisha mpira mrefu wa mashine ya kufyonza vumbi, na mashine yenyewe tukaiweka nje ya dirisha. Hili ni la muhimu kwa asiye na mashine yenye chujio la hali ya juu: mashine za kawaida hufyonza vumbi kubwa na kutema lile laini kwa nyuma, na lile laini ndilo linalobeba vijidudu. Ikiwa nje, inatema nje.

Brashi ya nailoni kwenye waya mrefu, kutoka mbali kuja kwenye mpira wa kufyonzea. Kisha kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha kitambaa kikavu. Koili ilisafishwa kwa sabuni isiyo na asidi wala klorini, maji ya shinikizo dogo, kufuata mapezi yalivyosimama. Trei inayokinga maji ya koili ilikuwa na ute mzito wa rangi ya kahawia, tuliukwangua kwa kipande cha plastiki.

Mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, alituuliza kama tutapuliza dawa ndani ya dakti tukimaliza. Nilimwambia hapana. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linaeleza wazi kwamba kusafisha dakti za nyumba hakujawahi kuthibitishwa kwamba kunazuia magonjwa, na linataka tahadhari kubwa kwa dawa zinazopulizwa humo, kwa sababu mtu wa chini ndiye atakayezivuta. Bati lililosafishwa na kukauka halina cha kumlisha kijidudu. Aliuliza pia kuhusu ule ugonjwa wa mapafu uliowapata watu waliokutana hotelini Philadelphia mwaka 1976. Bakteria wale, Legionella, walitambuliwa mwaka 1977, na wanapenda maji ya uvuguvugu kama ya minara ya kupozea ya majengo makubwa. Mashine yetu haina mnara. Kwenye jengo hili wa kutazamwa zaidi ni matangi na mabomba ya maji ya moto.

Sahani ya maabara ya baada ya kazi ilitoka karibu safi. Uvundo ukaisha.

Gharama: brashi na waya Sh 40,000, mpira wa kufyonzea Sh 55,000, sabuni Sh 45,000, nailoni Sh 20,000, vibarua Sh 120,000.

14 Novemba 2024. Uvundo umerudi

Mvua zimeanza na sista wa zamu ya asubuhi amenipigia simu.

"Fundi, ile harufu imerudi."

"Tangu lini, sista?"

"Tangu hizi mvua. Na leo ni ya choo kabisa, siyo ya kuvunda tu."

Tulifungua milango ya ukaguzi. Ukungu mwembamba ulikuwa umeanza tena ndani ya alama zilezile za chaki za Septemba. Ile sufi ya kioo iliyokuwa kavu sasa ilikuwa imelowa. Ukiibonyeza kidole kinatoka na maji meusi. Trei ya koili ilikuwa imejaa hadi ukingoni, na upepo wa bloa ulikuwa unarusha matone kwenye dakti. Maji ya kiangazi ni kidogo, yanakauka yenyewe. Mvua zinapokuja hewa ya ziwani inakuwa nzito na koili inatoa maji kutwa nzima.

Lakini bomba la kutolea maji halikuwa limeziba. Ukizima mashine, trei inajimwaga yenyewe kwa kishindo. Ukiiwasha, maji yanasimama pale pale. Tulilifuata bomba lile ukutani hadi lilikoishia, tukakuta limeingizwa moja kwa moja kwenye bomba la maji machafu ya vyoo vya ghorofani.

Tulilikata hapo. Kijana wangu akashika kipande cha karatasi ya chooni mbele ya mdomo wa bomba, mashine ikiwa inafanya kazi. Karatasi ikavutwa, ikanata kwenye mdomo wa bomba na kubaki imekaza. Mimi niko darini namwona kupitia mlango wa ukaguzi, nikamwambia azime. Karatasi ikaanguka, na maji ya trei yakamfuata mkononi.

Hapo kila kitu kilieleweka. Bloa imekaa baada ya koili, kwa hiyo sehemu ya koili na trei iko kwenye mvuto. Bomba likiwa wazi, hewa inapanda kwa kasi kupitia bomba na kuyazuia maji yasishuke. Na hewa iliyokuwa inapanda hapa ilikuwa ya bomba la choo. Mashine ilikuwa inaivuta na kuigawa maabara, chumba cha upasuaji na kwa wagonjwa. Hakuna dawa ya kupuliza kwenye grili ambayo ingemaliza jambo hilo.

16 Novemba 2024. Bomba lenye umbo la U

Dawa yake ni kipindo cha bomba chenye umbo la U, kinachobaki na maji ndani ili hewa isipite. Wengi wanakijua, wachache wanakipima, na kisipopimwa mvuto wa bloa hunyonya maji yake yote.

Tulipima mvuto kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga wenye maji ya rangi: ncha moja ndani ya sehemu ya trei, nyingine nje. Tofauti ya vimo vya maji ilikuwa milimita 30. Kanuni tunayoifuata: mdomo wa kutokea wa U uwe chini ya mdomo wa trei kwa kipimo hicho na kuongeza milimita 25, yaani 55, na U yenyewe izame chini ya mdomo wake wa kutokea kwa angalau nusu ya jumla hiyo. Sisi tuliweka 60 na 40. Baada ya U, bomba linateremka sentimita moja kwa kila mita, linaishia juu ya karo la nje likiwa na nafasi ya wazi, halijagusa bomba la vyoo popote. Bomba la vyoo lilizibwa kabisa.

Tuliweka pia tawi lenye kifuniko juu ya U kwa ajili ya kusafishia, na kwa ajili ya kumiminia maji. Kiangazi mashine ikikaa bila kutoa maji, U hukauka na mvuto unarudi. Kikombe cha maji kila Jumatatu kinatosha.

Tuliwasha, tukamimina ndoo nzima kwenye trei. Maji yalishuka yote, bloa ikizunguka.

Gharama: bomba, viungo na gundi Sh 38,000.

30 Novemba 2024. Sufi ya kioo imetoka, bati linatoa jasho

Sufi ya kioo iliyolowa haisafishiki. Tuliikwangua yote, tukaifunga kwenye mifuko ingali mbichi ili nyuzi zisiruke, tukalisafisha bati hadi gundi ya zamani ikaisha.

Kuiondoa kulileta tatizo jipya. Kipande kile kilipobaki bati tupu kikaanza kutoa jasho kwa nje na kudondosha maji kwenye silingibodi. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80 inaanza kuacha maji inapogusa kitu chenye nyuzi kama 21 kushuka chini. Bati letu lilipima 14. Darini wakati wa mvua hali ni mbaya kuliko hiyo.

Tulijaribu kwanza magodoro ya sponji kwa sababu yanapatikana dukani hapa mjini, eneo la Mwanga. Yalinyonya unyevu ndani ya juma moja na kuanza kunuka, tukayatoa. Kinachofaa ni insulesheni ya mpira yenye vitundu vilivyofungwa, unene wa milimita 19, ambayo unyevu haupenyi. Ilitoka Dar. Tuliibandika kwa nje, kila kiungo kikapakwa gundi na kupigwa tepu, kwa sababu mwanya mmoja tu unatosha hewa kuingia na jasho kuanza chini yake bila kuonekana. Ndani ya dakti hatukurudisha kitu chochote chenye nyuzi. Kelele ya bloa imeongezeka kidogo ofisini, na mfawidhi ameikubali.

Gharama: insulesheni mita za mraba 14 kwa Sh 28,000 kila moja, Sh 392,000, gundi Sh 60,000, usafiri Sh 35,000.

12 Desemba 2024. Vichujio

Chujio la zamani lilikuwa wavu wa plastiki unaozuia majani na nzi tu. Tuliagiza vichujio vizito vya daraja la F7, vinavyoshika hata vumbi laini sana. Tukavifunga asubuhi. Kufika adhuhuri hewa kwenye grili ilikuwa imepungua hadi karibu haisikiki, na koili ilikuwa imeganda barafu nzima. Tulipozima, barafu ile iliyeyuka kwa mkupuo mmoja, ikaijaza trei na kumwagika darini.

Bloa ya mashine hii haikujengwa kusukuma hewa kupitia kizuizi kikubwa hivyo. Hewa ikipungua, koili inapoa kupita kiasi, unyevu unaganda juu yake, na tumerudi kwenye maji tuliyohangaika kuyaondoa. Ukitaka chujio zito pima kwanza bloa yako.

Tulivitoa, tukatengeneza fremu ya bati yenye umbo la V inayobeba vichujio vinne vya kukunjwakunjwa vya daraja jepesi zaidi, G4. Eneo la kuchuja limekuwa zaidi ya mara mbili, kwa hiyo hewa inapita taratibu na kizuizi ni kidogo. Kingo zote zimewekwa mpira, maana hewa hupita penye mwanya kabla ya kupita kwenye chujio. Havioshwi. Tulipojaribu kuosha kimoja kilikunjamana na kukaa na unyevu kwa siku kadhaa.

Gharama: F7 mbili Sh 230,000, zimekaa stoo. G4 nne Sh 152,000, fremu Sh 45,000.

20 Januari 2025. Taa za urujuanimno

Mwenye jengo alikuwa ameleta taa ya zambarau aliyouziwa kama taa ya kuua vijidudu, akaomba tuifunge ndani ya dakti. Kwenye kitako imeandikwa nanometa 395, ndicho kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga wake. Huo ni mwanga wa kukagulia noti. Taa ya kweli ya kuua vijidudu hutoa urujuanimno (UV) wa nanometa 254, na ina kioo cheupe cha kwatzi kwa sababu kioo cha kawaida kinauzuia mwanga huo usitoke. Tazameni namba, msitazame rangi.

Tulipata mbili za kweli kutoka Dar. Tukazifunga kwenye sehemu ya koili, zinamulika koili na trei, badala ya kuziweka katikati ya dakti. Hewa inapita mbele ya taa kwa sehemu ya sekunde, na kwa taa ndogo kama hizi huo ni muda mfupi mno. Koili haiondoki. Inamulikwa usiku na mchana, na ute haupati nafasi ya kushika.

Mwanga huu unaunguza macho na ngozi. Mlango wa ukaguzi wa sehemu hiyo una swichi inayozima taa unapofunguliwa, na bango juu yake. Unaharibu pia plastiki na insulesheni, kwa hiyo nyaya zilizo mbele yake tumezifunika kwa tepu ya alumini. Taa zina zebaki: ikipasuka haifyonzwi kwa mashine. Na nguvu ya kuua inashuka hata taa ikiwa bado inang'aa, kwa hiyo tutazibadilisha baada ya saa 9,000, takriban mwaka mmoja.

Trei iliyotazamwa baada ya majuma haya ni safi, haina ute kabisa. Lakini nasema wazi: taa zimefungwa baada ya maji kuondolewa na uchafu kutolewa. Zingefungwa Septemba zingemulika dimbwi.

Gharama: taa mbili Sh 380,000, swichi Sh 15,000. Ile ya zambarau Sh 35,000, imerudishwa kwa mwenye jengo.

15 Februari 2025. Grili ya juu ya mabenchi

Hadi hapa tulikuwa tunashughulikia vijidudu vinavyoota ndani ya dakti. Kuna vile ambavyo haviishi humo, vinapita tu, na kwenye kituo cha afya hivyo ndivyo vya kuogopwa zaidi.

Tanzania iliwekwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mtu anayekohoa kwa majuma na hajajua anaumwa nini, anakaa benchi lile, chini ya grili ile. Hewa yake inavutwa, inapozwa, inagawanywa maabara na chumba cha upasuaji. Hili halikugunduliwa jana. Miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Baltimore, Marekani, Richard Riley, William Wells na wenzao walipitisha hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu kwenye dakti hadi kwenye vizimba vya simbilisi. Simbilisi wakaambukizwa bila kumwona mgonjwa. Wale ambao hewa yao ilipita kwanza kwenye taa za urujuanimno hawakuambukizwa. Taa zile zilipimwa kwa kazi hiyo. Zetu mbili za kwenye koili hazikupimwa hivyo, na sitaki mtu yeyote azitegemee kwa kifua kikuu.

Tulifanya mambo ya kawaida. Grili ya ukumbini imezibwa kwa bati na tepu. Madirisha ya ukumbi yaliyokuwa yamepigiliwa misumari ili ubaridi usitoke yamefunguliwa yote, yamewekwa wavu wa mbu, na feni ya kutolea hewa imefungwa upande wa pili ili hewa ivuke ukumbi mzima. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa majengo ya kawaida yasiyo makazi ni lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu, na kwa vituo vya afya ni lita 60 kwa kila mgonjwa. Ukumbi wetu ukijaa una watu kama 30, kwa hiyo feni yenyewe tuliitafuta ya kutoa zaidi ya lita 300, kile cha chini kabisa, na kinachobaki kinategemea madirisha. Wanaokohoa wanasubiri barazani. Sista wa mapokezi anawaambia, "Mama, karibu ukae hapa nje kwenye upepo, tutakuita," na hakuna aliyelalamika.

Kuziba grili ile kuliinyima mashine hewa na koili ikaanza kuganda tena siku ya kwanza. Tukakata grili mpya kwenye korido ya ofisi, yenye ukubwa uleule, na tatizo likaisha.

Kipimo cha kaboni dioksidi ukumbini siku ya kliniki, kinachoonyesha hewa iliyokwisha kupumuliwa na watu, kilikuwa kinafika sehemu 1,600 kwa milioni. Sasa saa hizohizo kinakaa karibu 600. Nje ni kama 420. Ukumbi una joto kuliko zamani, hilo nalikubali, na hewa ya ziwani mchana inasaidia.

Gharama: feni Sh 260,000, bati na grili mpya Sh 110,000, nyaya na fundi umeme Sh 40,000.

29 Machi 2025. Mvua zinaelekea mwisho

Tumefungua milango yote ya ukaguzi leo. Alama za chaki bado zipo na ndani yake bati ni jeupe. Sahani ya maabara ya chini ya grili haina tofauti na ile iliyowekwa korido.

Jumla ya matumizi ni Sh 2,362,000 bila hesabu ya muda wangu. Humo mna vichujio vya F7 na taa ya zambarau, Sh 265,000 ambazo hazikufanya kazi hapa. Bomba la U ni Sh 38,000, na kama mtu ana fedha za kitu kimoja tu, aanze na hilo, kisha aende kuangalia bomba lake linaishia wapi.

Ubaoni mwa stoo tumebandika ratiba: kikombe cha maji kwenye U kila Jumatatu ya kiangazi, vichujio kutazamwa kila mwezi na kubadilishwa vikiwa vyeusi, trei na mita mbili za kwanza kufunguliwa kabla ya mvua na katikati ya mvua. Kinachobaki ni chumba cha upasuaji. Bado kinapata hewa ya mashine hii, na chumba cha aina hiyo kinapaswa kuwa na mashine yake, chujio lake, na hewa inayosukumwa kutoka ndani kwenda nje mlango unapofunguliwa. Mfawidhi ameliingiza kwenye bajeti ya Julai. Kwa sasa dampa yake, kile kibati cha ndani ya dakti cha kuzuia hewa, imefungwa, na upasuaji unaoweza kusubiri unapelekwa hospitali ya mkoa.